Mama Hasikii Chumvi

Kwetu Muyinga chumvi husikiwa. Mtu akitia mchuzi mdomoni husema anasikia chumvi, anasikia pilipili, anasikia ndimu. Kirundi nacho ni vilevile, neno moja linabeba sikio, ulimi na hata kuelewa. Mimi nafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari mjini Gitega, na nafundisha kwa Kifaransa, lugha iliyoligawa neno hilo vipande vipande, sikio likapewa lake na ulimi wake. Kwa hiyo ningepaswa kujua. Siku niliyompeleka mama hospitali ningepaswa kukaa naye mpaka aitwe. Badala yake nilimwacha kwenye benchi, nikakimbilia kipindi cha saa mbili, na zamu yake ilipofika akaenda dirishani peke yake.

Karani akamuuliza anaumwa nini. Mama akajibu, "Sisikii."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani imeisha."

Karani akaandika alichoelewa. Kuanzia hapo kila aliyemshika mama mkono alimpigia kelele, kaa hapa, simama pale, na mama akawa anaitika taratibu kwa sauti yake ya siku zote. Nilipotoka darasani saa tano nilimkuta kwa daktari wa masikio, ameinamisha kichwa, nesi anamwosha sikio la kulia kwa bomba, na beseni dogo kashikishwa mwenyewe chini ya shavu. Nikapandwa na hasira. Hasira zangu haziko mbali, wanafunzi wangu wanalijua hilo. Nilimuuliza nesi nani kamwambia mama yangu ni kiziwi, na nesi akanionyesha karatasi. Nikamgeukia mama.

"Mama, mbona umewaacha wakuoshe masikio?"

"Mi nilifikiri hapa Gitega banaanzaka na masikio," akasema. "Na watu bote banapiga kelele. Nikafikiri ni bo habasikii."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Nilimweleza kwamba mama yangu ni mpishi, kwamba tangu Idi ameacha kusikia chumvi, sukari na ndimu, na kwamba amekaa foleni asubuhi nzima mahali ambapo si pake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu badala ya kutufukuza akamtazama mama na kumuuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mama, haya masikio yalishatokaka usaha?"

"Tangu utoto," mama akasema. "Yote mbili. Huu mwaka umerudi kwa nguvu."

"Bon," daktari akasema, akaacha kucheka.

Alichonieleza baada ya hapo kilinishusha. Mshipa wa fahamu unaobeba ladha kutoka sehemu ya mbele ya ulimi hauendi moja kwa moja kwenye ubongo. Unazunguka, unaingia ndani ya sikio, unapita nyuma tu ya ngozi ya ngoma ya sikio ukiwa mwembamba kama uzi wa kushonea, ndipo unaendelea na safari. Usaha ukikaa humo miaka na miaka unaweza kuula. Nimechora ulimi ubaoni kwa miaka kumi na miwili. Ninachora vipele, ndani ya vipele ninachora vichipukizi vya ladha, ninaeleza kwamba mate lazima yayeyushe chakula kwanza ndipo ladha iingie, halafu ninavuta mstari mmoja ulionyooka mpaka kwenye ubongo. Sikuwahi kujiuliza mstari ule unapita wapi. Karani wa dirishani, kwa kutoelewa kwake, alikuwa amempeleka mama mahali penyewe.

Daktari akaomba sukari, chumvi, kipande cha ndimu, na kidonge kichungu alichokiyeyusha kwenye kikombe. Akachovya pamba na kumgusisha mama mbele ya ulimi, kitu kimoja kimoja, na kila mara mama akasukutua kwa maji.

"Unasikia nini?"

"Maji."

"Na hii?"

"Maji."

Ndimu ilimfanya akunje uso, nikashukuru Mungu moyoni. Lakini alikuwa amekunja kwa sababu aliiona ndimu. "Iko baridi," akasema. Kwenye kidonge daktari aliipeleka pamba nyuma kabisa, karibu na koo, ambako unafika mshipa mwingine usiopita sikioni. Mama akafumba macho.

"Hii inakuja," akasema. "Lakini iko mbali."

Nilimuuliza daktari kuhusu dawa. Alisema atatibu masikio, usaha utakauka. Ulimi hauna dawa. Vichipukizi vyenyewe hufa na kuzaliwa upya kila baada ya wiki moja au mbili, akasema, na hilo nilikuwa nalijua, nalifundisha. Lakini vyahitaji mshipa. Mshipa ukiwa umeliwa kwa miaka mingi hivyo, asingetaka kunidanganya. Nilimchukia kwa ukweli wake. Mama alimshukuru kwa mikono miwili, akauliza kama anaweza kwenda na ile ndimu iliyobaki.

Ili mtu aelewe hasara ile lazima amjue mama alikuwa nani. Alikuwa mpishi wa shughuli. Kwenye mtaa wetu wa Waislamu pale Muyinga, mtu akioza binti au akisoma maulidi, kabla ya kutafuta viti alimtafuta mama. Masufuria yake yalikuwa yale ya kusimamiwa na watu wawili, na pilau lake lilifuatwa na watu mpaka kutoka Makebuko, wengine hata si Waislamu, ni wakulima waliorudi kutoka Tanzania na kumbukumbu ya pilau la huko. Na alionja kama wapishi wa kwetu wanavyoonja. Huchukui kijiko. Unachota mchuzi kwa mwiko, unadondosha tone katikati ya kiganja cha kushoto, unalamba, unatulia kidogo, halafu unatikisa kichwa kukubali. Mama akitikisa kichwa, moto ulipunguzwa. Hakuna aliyeonja baada yake.

Tulipotoka hospitali alirudi nyumbani na kuwaambia watu kwamba magoti yanamuuma, shughuli kubwa haziwezi tena. Watu wakaamini, kwani ni nani asiyeumwa magoti. Ukweli tuliujua watu watatu, yeye, mimi na baba. Jiko lililobaki mikononi mwake likawa la nyumbani, na aliyebaki kulishwa kila siku akawa baba, fundi cherehani, mtu wa kanzu na sare za shule. Kaka yangu na mkewe wanaishi uani kwetu lakini wana jiko lao.

Baba naye ana tansiyo, shinikizo la damu. Kwenye zahanati walishamwambia apunguze chumvi kabla hata mama hajapoteza ulimi, na mama ndiye aliyemlinda. Alikuwa anampikia mboga zikiwa na chumvi ya kunusia tu, anaongeza ndimu na tangawizi mpaka baba asijue kilichopungua.

Likizo ya kwanza baada ya hospitali nilichelewa kufika, kwa sababu ya uhaba wa petroli. Nilisubiri gari siku mbili Gitega, na nilipoingia Muyinga nilikuwa na njaa ya mbwa. Mama alikuwa amepika maharage, ntore zetu, yaani nyanya chungu, na dagaa tunaowaita ndagala, kwa mawese. Harufu ilinipokea mlangoni, na ilikuwa ileile. Pua yake ni nzima, vitunguu havijaungua, tangawizi imekaa panapostahili. Darasani huwa nawabana wanafunzi pua na kuwatafunisha kitunguu ili waone jinsi pua inavyofanya kazi kubwa kuliko ulimi. Nikajidanganya kwamba pua ya mama imeokoa jahazi.

Tonge la kwanza karibu nilitema. Haikuwa chumvi ya kuzidi, ilikuwa chumvi ya kuhifadhia samaki. Nilifungua mdomo niseme, na mdomo wangu hauna breki, lakini baba aliyekuwa ameketi karibu nami akanikanyaga mguu. Alikuwa anakula. Anamega tonge, anachovya, anameza, anafuatisha maji. Mama alikuwa anamtazama.

"Iko sawa, mzee?"

"Iko tamu, mama watoto," baba akasema. "Niongeze kidogo."

Na akaongezwa. Nilimwona akila bakuli la pili huku shingo yake imelowa jasho, na mimi nimekaa na tonge langu mkononi, siwezi kulimeza wala kulirudisha.

Alasiri nilimfuata barazani kwenye cherehani yake. Nilimuuliza ni tangu lini. Akasema tangu mama alipotoka hospitali. Nilimuuliza tansiyo inasemaje. Akaendelea kukanyaga cherehani, na nilipouliza tena akataja kumi na nane, ambayo kwingine husomwa mia na themanini, kama mtu anayetaja bei ya kifungo.

"Baba, utakufa."

"Mama yako amepoteza ulimi," akasema bila kuinua macho. "Unataka nimunyang'anye na mwiko?"

Kila upande niliogeukia ulikuwa na mtu ninayempenda.

Basi nikafanya alichoweza kufanya mwalimu. Nilichukua kifuniko cha soda, nikakipima, nikamwambia mama kwamba kuanzia sasa mboga ya watu wawili ni nusu ya kifuniko hiki, maharage ni nusu, wali ni nusu, basi. Sikumtaja baba. Nilisema ni ushauri wa daktari kwa watu wasiosikia chumvi. Mama alikitazama kile kifuniko kwa dharau ya mtu aliyepikia mamia.

"Mwanangu, mi mwezi muzima wa Ramadhani napikaka bila kuonja," akasema. "Nimefunga, ulimi umefungwa. Nani alishalalamika? Mukono unajua."

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na nililiona palepale. Ni kweli, Ramadhani zote za utoto wangu mama hakuonja. Wengine hugusisha ncha ya ulimi na kutema, yeye hakutaka hata hilo, alisema ni kumchezea Mungu. Alitia chumvi kwa mkono tu, na futari ilitoka barabara. Lakini kila jioni wakati wa kufungua alikula pamoja nasi, na ulimi ukauambia mkono leo umezidisha kidogo, leo umepungukiwa. Siku thelathini mkono ulikuwa unaenda shule kila jioni. Sasa mwalimu hayupo, na mkono unaendelea kujua kile ulichojua mwaka jana, ukiongeza kidogo, na kidogo tena, kwa sababu mwenye mkono akila hakuna kinachomjibu mpaka chumvi iwe nyingi kiasi cha kufika kule nyuma ya koo. Alipoisikia huko, kwa mbali, ndipo aliporidhika.

Nilimweleza yote haya. Nilieleza vizuri, nadhani ni somo zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha. Alisikiliza akichambua majani ya lengalenga, na nilipomaliza akasema nimesoma sana, Mungu aniongezee. Kwa siku tatu alitumia kifuniko. Siku ya nne nilikikuta dirishani kimewekewa sindano za baba.

Nikaficha chumvi. Akanunua nyingine. Nikamwambia baba akatae kula, akaniambia nirudi Gitega nikafundishe.

Siku mbili kabla ya kurudi niliingia jikoni kuchukua maji. Mama alikuwa peke yake mbele ya mbabula, jiko lake la mkaa, mgongo umenielekea, mchuzi wa mbuzi unachemka. Hakujua kuna mtu. Akachota kwa mwiko, akadondosha tone katikati ya kiganja cha kushoto, akalamba, akatulia kidogo, akatikisa kichwa. Halafu akachukua chumvi, akatia kiganja kizima.

Ningeweza kuondoka. Nimeirudia dakika ile mara nyingi sana, na kila mara naona mlango ulikuwa wazi nyuma yangu. Lakini hasira zilinipanda, na sijui zilikuwa za nini, za baba kunikanyaga mguu au za daktari kusema kweli au za uzi ule mwembamba uliopitishwa mahali pa kijinga namna ile.

"Mama, unaonja nini?"

Aligeuka. Sikuishia hapo, ole wangu. Nilimwambia kwamba baba anakula sumu kila siku na anamwambia ni tamu. Nilimwambia kumi na nane. Nilimwambia kwamba yeye ndiye anayemuua, na neno hilo nililitamka kwa Kiswahili chake, ili lisikosewe kama lilivyokosewa lile la hospitali.

Mama alifuta kiganja kwenye kitenge chake, akafuta tena, ingawa kilikuwa kimekauka. Akanipa mwiko.

"Haya," akasema. "Onja we."

Nikaonja. Ilikuwa chumvi tupu. Nilisema hivyo, na sauti yangu ilikuwa imeshapoa, lakini yeye alikuwa ameshatoka uani na kumwita mke wa kaka yangu. Wifi alikuja akikausha mikono, na mama akamwambia mbele yangu kwamba magoti sasa yamezidi, kuanzia leo jiko ni moja na mpishi ni yeye. Wifi aliniangalia. Nilitazama chini. Jioni ile baba aliletewa mchuzi mwingine, akala tonge moja, akajua.

Nilirudi Gitega na kila juma nilipiga simu. Wifi ni mtu makini, kifuniko cha soda alikipokea kama alivyokipokea kila kitu kutoka kwa mama mkwe, bila maswali. Baada ya miezi mitatu tansiyo ya baba ilishuka mpaka kumi na nne. Nilifurahi mno, nikawaambia walimu wenzangu, nikajiona nimefaulu mtihani ambao daktari mwenyewe aliusalimia kwa mbali. Nilipouliza habari za mama, wifi alisema, "Iko tu, dada." Nikaona ni jibu la kawaida.

Likizo iliyofuata nilimkuta ameketi kwenye mkeka karibu na baba barazani, anamtungia uzi kwenye sindano. Kitenge kilikuwa kinamzunguka mara mbili. Nilimshika mkono kumsalimia, na bangili aliyokuwa akiivua kwa sabuni ilipanda yenyewe mpaka karibu na kiwiko. Nikamuuliza anaumwa nini, akasema haumwi. Wifi akanivuta kando na kuniambia kwamba mama anakula matonge mawili, matatu, basi. Zamani, akipika mwenyewe, alikula. Labda kwa sababu alikuwa anatia chumvi mpaka aisikie. Labda kwa sababu alikuwa anakula kazi yake. Mimi mwenye shahada sikuweza kusema ni ipi kati ya hizo.

Mchana, kaka akiwa kazini, tukakaa kula sote wanne. Wifi alikuwa amepika wali na maharage, na isombe, yaani kisamvu cha karanga, kwa ajili yangu. Ilikuwa nzuri. Mama alimega tonge, akalitafuna muda mrefu, halafu akaniegemea.

"Iko namna gani?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nzuri, mama."

"Nzuri namna gani?"

"Chumvi iko kiasi."

"Kiasi gani?"

Nikatafuta. Miaka kumi na miwili ya vipele na vichipukizi na mishipa, na sikupata neno hata moja ambalo lingevuka kutoka mdomoni mwangu kwenda mdomoni mwake. Nilisema majani yamelainika, hilo alikuwa analijua kwa meno yake. Nilisema inanukia karanga, hilo alikuwa analijua kwa pua. Nikarudia kusema ni nzuri.

"Haya, kula, mwanangu," akasema, akanipigapiga gotini kama vile mimi ndiye mgonjwa. Akainuka kwenda kunawa.

Baba alimfuata kwa macho mpaka kwenye ndoo ya maji. Alikuwa na afya. Uso umetulia, miguu haijavimba tena. Mkono wake ulikuwa umekaa kimya pembeni ya sahani.

"Tansiyo yangu umeshusha," akaniambia. "Asante. Sasa uniambie, mi nikule na nani?"

Wifi akaanza kuinuka kuondoa vyombo. Nikamwambia akae, nitaondoa mimi. Nilichukua sahani yangu, nikachukua ya wifi, nikachukua ya baba, nikaiweka ya mama juu. Ilikuwa nzito kuliko zote.